Mtazame Mguu Kwanza: Kumtambua Anemoni wa Tangini

Picha nyingi za anemoni hupigwa kutoka juu. Huonyesha minyiri ikipepea, rangi ya kijani iking'aa chini ya taa ya buluu, na pengine samaki mwenye mistari myeupe akichungulia katikati. Ni picha za kupendeza, lakini kwa kazi ya kumtambua mnyama hazisaidii sana. Rangi ya minyiri hubadilika kwa mwanga na kwa afya. Urefu wake nao hubadilika kutwa: asubuhi mnyama amejikunja akawa donge, mchana amejitanua akafunika nusu ya mwamba. Kisichobadilika sana kiko chini, mahali ambapo mpiga picha hakufika na muuzaji hakuona haja ya kupaonyesha. Huko kuna shina la mnyama, vinundu vilivyo juu ya shina hilo, na mguu alioubandika kwenye jiwe au kuuzamisha mchangani.

Hoja yangu ni kwamba mfugaji aanze huko chini, kisha apande. Jina la spishi lina faida kwake kwa kadiri linavyomwambia mambo matatu: mnyama huyu anataka kukaa juu ya nini, atafikia ukubwa gani, na atamla nani. Ishara zinazotenganisha spishi na zile zinazojibu maswali hayo matatu ni zile zile, na karibu zote ziko chini ya minyiri.

Jina lisilo sahihi hugharimu. Katika biashara ya kimataifa kuna anemoni watatu tofauti wanaouzwa kwa jina moja la "zulia", kwa sababu wote wana uso mpana na minyiri mifupi iliyosongamana. Mmoja hujifukia mchangani na anaweza kummeza samaki mzima. Wa pili hujibandika kwenye mwamba na kufikia upana wa mita moja au zaidi. Wa tatu ni wa maji ya kina kifupi, anataka mwanga mkali, na anajulikana kwa kufika dukani akiwa hoi kwa safari. Sasa chukua tangi la lita 200, lenye urefu wa mita moja, upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 50. Hakuna hata mmoja kati ya watatu hao ambaye litamtosha akikomaa, maana uso wa sentimita 50 tayari unazidi upana wa tangi lenyewe. Mnunuzi aliyeambiwa "zulia" tu hajaambiwa lolote.

Wataalamu wenyewe walihangaika na majina haya kwa zaidi ya karne mbili. Mwanasayansi Forsskål alimwelezea mmoja wa hao watatu katika kazi iliyochapishwa mwaka 1775, na karne ya 19 ikaleta wimbi la majina kutoka kwa kila msafara uliopita Bahari ya Shamu, Hindi na Pasifiki. Vielelezo vilifika Ulaya vikiwa ndani ya pombe, vimesinyaa, vimepoteza rangi, na kila msomi alimpa mnyama aliyeletewa jina lake. Mwaka 1981 Daphne Dunn, ambaye baadaye aliandika kwa jina la Daphne Fautin, alichapisha kazi iliyopitia rundo hilo na kulipunguza: kati ya spishi zaidi ya 1,000 za anemoni duniani, ni 10 tu ambazo kwa kawaida huwapa makazi wale samaki wadogo wa jenasi Amphiprion na jamaa zao. Mwaka 1992 yeye na Gerald Allen wakatoa mwongozo wa uwandani wenye picha za rangi, na takriban kila jedwali la utambuzi linalozunguka kwa wafugaji leo limechota humo, hata pale usipotajwa.

Maabara ina njia yake. Mtaalamu hukata vipande vyembamba vya mwili ili aone msuli unaofunga sehemu ya juu ya shina, kisha hupima chini ya hadubini vijishale vya sumu vilivyomo kwenye minyiri, maana ukubwa na umbo la vijishale hivyo hutofautiana kati ya spishi na spishi. Mfugaji hawezi kumkata mnyama wake ili amjue. Anabaki na ishara za nje, na hizo zinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi iwapo atazitazama kwa mpangilio.

Kabla ya yote, awaondoe wasio anemoni. Tumbawe liitwalo Heliofungia actiniformis lina minyiri mirefu minene inayoyumba na maji hivi kwamba wengi huapa kuwa ni anemoni, mpaka minyiri inapojikunja na mifupa ya chokaa kuonekana chini yake. Anemoni hana mfupa wowote. Amplexidiscus fenestrafer ana uso mpana kama anemoni zulia, ila ni wa kundi jingine, na ana tabia ya kujikunja polepole na kumfungia samaki ndani. Cerianthus na wenziwe wanaishi ndani ya mrija wa utando wanaoutengeneza wenyewe, wana minyiri mirefu pembeni na mifupi kuzunguka mdomo, na hawajibandiki popote. Ukiona mrija, funga mjadala.

Baada ya hapo swali ni moja: mguu uko wapi? Majibu ni matatu. Uko ndani ya tundu la mwamba, uko juu ya mwamba mahali pa wazi, au umepita kwenye mchanga na kushika jiwe lililofukiwa.

Anayependa tundu ndiye anayefugwa kuliko wote, Entacmaea quadricolor, aliyeelezwa mwaka 1828 kutoka Bahari ya Shamu na anayepatikana kuanzia pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi Pasifiki. Sifa yake iliyompa umaarufu ni uvimbe karibu na ncha ya mnyiri. Mtazame kwa karibu, kwa kioo cha kukuzia ikibidi. Mnyiri hupanda ukiwa na unene ule ule, ukikaribia mwisho unavimba, kisha unaisha kwa kichuchu kidogo, sawasawa na chuchu ya chupa ya mtoto. Kwenye uvimbe huo mara nyingi kuna pete nyeupe, na kichuchu chenyewe kina rangi ya waridi. Tatizo ni kwamba uvimbe huu huja na kwenda. Anemoni yule yule aliyenunuliwa na mapovu kila mnyiri anaweza baada ya miezi kuwa na minyiri mirefu iliyochongoka, na kisha mapovu yakarudi. Wapo wanaosema sababu ni mwanga, wengine mkondo wa maji, wengine kuwepo kwa samaki, na hakuna maelezo yaliyowaridhisha wote. Kwa hiyo kutokuwepo kwa uvimbe hakuthibitishi kitu.

Kinachothibitisha ni shina. Shina la Entacmaea ni laini, halina vinundu hata kimoja. Kati ya anemoni wenye minyiri mirefu wanaofika madukani wakiwa na samaki wao, hiyo ndiyo alama inayomtenga kwa uhakika. Akiwa na minyiri iliyochongoka, shina laini, na mguu uliojichimbia ndani ya ufa kiasi kwamba huwezi kuufikia, huyo ni yeye. Baharini ana maumbo mawili ya maisha: wadogo wanaogawanyika na kujaza mwamba katika maji ya kina kifupi, na wakubwa wanaokaa mmoja mmoja kwenye kina zaidi. Tangini wale wanaogawanyika ndio walioifanya spishi hii iwezekane kufugwa bila kuchukua zaidi baharini, maana mmoja hujipasua kuwa wawili, na wafugaji huuziana vipande vya ukoo ule ule kwa miaka.

Kundi la mchangani ndilo linalochanganya watu kuliko yote, na hapa inafaa kukaa. Wanne hukaa namna hiyo wakiwa na minyiri mirefu au ya wastani, na kutoka juu watatu kati yao wanaweza kufanana kabisa.

Wa kwanza kwa miaka mingi aliitwa Heteractis crispa, na baadhi ya orodha za sasa humwita Radianthus crispa. Dukani hupewa pia jina la "sebae". Minyiri yake ni mingi, imechongoka, inaweza kufika sentimita 10, na mara nyingi ncha zake zina rangi ya zambarau au buluu. Mwinue kidogo, au subiri ajiinue mwenyewe akitafuta mahali pa kukaa. Shina lake ni la kijivu na gumu kama ngozi, na juu yake kuna vinundu vinavyoonekana waziwazi, vinavyonata, kiasi kwamba vipande vya kombe na punje za mchanga huwa vimegandia hapo. Ukivuta kipande cha kombe na kikavutana nawe kabla ya kuachia, umepata jibu.

Wa pili, aitwaye malu, ni dhaifu zaidi. Uso wake hauzidi takriban sentimita 20, minyiri yake ni mifupi, mara chache kupita sentimita nne, na shina lake ni la rangi ya maziwa au manjano iliyofifia lenye mabaka ya rangi ya chungwa. Wa tatu, aliyezoeleka kama Macrodactyla doreensis, ana minyiri michache kwa eneo la uso, mirefu sana, wakati mwingine iliyojisokota. Chini shina lake ni la rangi ya chungwa au jekundu la kukoza, na juu linageuka kijivu cha zambarau chenye safu za vinundu vyeupe visivyonata. Kwa hiyo wanyama watatu ambao juu ni minyiri ya kahawia tu, chini ni kijivu, maziwa yenye madoa, na jekundu. Sijui kwa nini wauzaji hawaweki picha ya shina kwenye matangazo yao. Ingewapunguzia maswali mengi.

Wa nne hana haja ya kutazamwa chini. Heteractis aurora ana minyiri yenye mafundo mfululizo kutoka chini hadi juu, na hakuna mwingine kati ya wale kumi mwenye minyiri ya namna hiyo.

Juu ya mwamba, mahali palipo wazi na penye mkondo mkali, ndiko anakokaa Heteractis magnifica, au Radianthus magnifica kwa orodha mpya. Shina lake lina rangi moja iliyokoza: zambarau, buluu, kijani, nyekundu, nyeupe au kahawia. Minyiri yake ni ya umbo la kidole, butu. Akijifunga nusu, shina hilo huwa kitu cha kwanza unachokiona na minyiri hubaki kama shada juu yake. Utambuzi wake ni rahisi, ufugaji wake ni mgumu. Hutembea. Akiona mahali hapamfai hupanda kioo, hufuata mwanga na mkondo, na safari hiyo mara nyingi huishia ndani ya pampu, ambako hukatwakatwa na kuchafua maji ya tangi zima. Kwa maoni yangu, huyu aachwe baharini, isipokuwa kwa wenye matangi makubwa sana na uzoefu wa miaka.

Sasa wale watatu wa zulia. Stichodactyla haddoni hulala juu ya mchanga na hujivuta chini anapoguswa. Minyiri yake mara nyingi ina rangi mbili, hivyo uso mzima huonekana una mabaka au miali, na karibu na mdomo kuna eneo lisilo na minyiri. Minyiri hiyo inanata kweli, na mnato huo ni vijishale vyake vinavyofyatuka kwenye ngozi ya mwenye kugusa. Vaa glavu. Ndiye mla samaki niliyemtaja. Stichodactyla gigantea ana uso uliokunjamana sana na minyiri inayotetemeka muda wote hata maji yakiwa yametulia, na shina lake lina vinundu vya buluu au zambarau vinavyojitenga na rangi ya shina. Stichodactyla mertensii hujibandika kwenye mwamba na kulifuata umbo lake, shina lake ni jeupe-jeupe lenye vinundu vya zambarau iliyokoza au chungwa, na mnato wake ni hafifu kuliko wa wenzake. Pamoja nao huuzwa Stichodactyla tapetum, mdogo wa sentimita chache, ambaye si makazi ya samaki kwa kawaida na anaweza kuishi vizuri katika tangi la wastani. Wa mwisho katika orodha ya Fautin ni Cryptodendrum adhaesivum, mwenye minyiri mifupi kupindukia ya maumbo mawili na ukingo wa rangi tofauti kuzunguka uso wote. Ananata kuliko wengi na ni hatari kwa samaki wasiomzoea.

Wapo wanaojaribu kumtambua anemoni kwa samaki aliye naye. Baharini njia hii ina maana fulani. Kwenye miamba yetu, samaki wa rangi ya waridi mwenye mstari mweupe mgongoni, Amphiprion akallopisos, huishi na magnifica na mertensii. Amphiprion allardi, yule mweusi mwenye rangi ya chungwa na mikanda miwili myeupe, aliyeelezwa mwaka 1970, huishi na Entacmaea, aurora na mertensii. Mpiga mbizi wa Watamu au Mnemba anayejua samaki hao wawili amekwisha kupunguza majibu yake hadi mawili au matatu kabla ya kuangalia shina. Tangini ushahidi huu hufifia mara moja. Samaki aliyezaliwa kwenye shamba la samaki, ambaye hajawahi kuona anemoni, anaweza kuingia kwa Condylactis wa Karibi ambaye hata hawaishi bahari moja, au kwenye tumbawe, au kwenye kona ya pampu. Wafugaji wamepoteza muda mwingi wakibishana kwa kutumia samaki kama shahidi.

Asili ya mzigo ni ushahidi bora zaidi, na watu hawaiulizi vya kutosha. Kenya imekuwa ikisafirisha samaki wa mapambo wa baharini kwenda Ulaya, Marekani na Asia kwa miaka mingi, na anemoni husafiri katika biashara hiyo hiyo. Mnyama aliyetoka pwani ya Afrika Mashariki hawezi kuwa doreensis, kwa kuwa huyo ni wa Pasifiki ya magharibi, kuanzia Japani hadi kaskazini mwa Australia. Condylactis gigantea na Epicystis crucifera, yule mwenye minyiri yenye vikwaruzo na madoa ya rangi nyingi usoni, ni wa Atlantiki ya magharibi. Swali "ametoka wapi?" linaweza kufuta nusu ya majina kabla hujamtazama mnyama.

Na kwa aliye pwani hapa hapa, liko swali jingine. Wakati wa bamvua, maji yakipwa, wanaochokoa pweza Unguja na Pemba hupita karibu na anemoni vidimbwini na kwenye majani ya bahari, na kishawishi cha kumng'oa mmoja ni kikubwa. Ndani ya hifadhi kama Malindi, Watamu na Kisite nchini Kenya, au Chumbe kule Zanzibar, kutoa kiumbe ni kosa. Nje ya hifadhi bado kuna ukweli wa mwili wake: mguu ulioshika ufa hautoki bila kuchanika, na anemoni aliyechanika mguu mara nyingi hafiki mwisho wa mwezi. Anemoni, tofauti na matumbawe magumu, hawamo kwenye orodha za mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo ulinzi wao umebaki mikononi mwa sheria za nchi na hiari ya wachukuaji.

Kuna anemoni ambao hakuna aliyewanunua. Huingia na mawe hai, yaani mawe ya baharini yaliyojaa vijidudu vyenye faida ambayo hutumika kusafisha maji ya tangi. Wa kawaida ni Exaiptasia, kijana mwembamba wa kahawia, nusu uwazi, mwenye minyiri iliyochongoka, anayejivuta tunduni haraka ukimkaribia kidole. Huyu huacha vipande vya mguu anapotembea, na kila kipande kinaweza kuwa mnyama kamili. Ndiyo maana kumkwangua kwa kisu ni kumsaidia kuzaana. Maabara zinampenda kwa sababu hiyo hiyo: huzaana kwa urahisi, na wanasayansi wanamtumia kuchunguza ushirika kati ya wanyama na mwani unaoishi ndani ya miili yao. Wafugaji hupambana naye kwa uji wa chokaa ya kalsiamu hidroksidi anaowekewa mdomoni, kwa kamba wadogo wa jenasi Lysmata, au kwa konokono asiye na gamba aitwaye Berghia stephanieae, ambaye hali kitu kingine zaidi ya Exaiptasia na jamaa zake. Usichemshe mawe ili kumwua. Katika mawe hayo huenda kuna wanyama wadogo wa kundi la Palythoa, na sumu yao, palitoksini, ikipanda na mvuke imewahi kuwapeleka watu hospitali, nyumba nzima.

Wa pili ana hadithi ya kwetu. Mwaka 1900 Oskar Carlgren alichapisha maelezo ya anemoni wa Afrika Mashariki waliokusanywa na Franz Stuhlmann mwaka 1888 na 1889, na mmoja wao akamwita Anemonia manjano. Leo jina hilo, likiwa limepoteza herufi moja njiani, huitwa anemoni yeyote mdogo, mnene, mwenye ncha zilizovimba, anayezagaa tangini kutoka Ulaya hadi Amerika. Wataalamu waangalifu huweka alama ya shaka kando ya jina, kwa kuwa hakuna aliyewakagua wengi wa wanyama hao dhidi ya kielelezo cha Carlgren. Jina limesafiri kwa picha, mwili umebaki nyuma. Kwa mfugaji hatari yake ni nyingine: mdogo huyu anafanana na mtoto wa Entacmaea, na wapo waliomlea kwa furaha hadi akajaza mwamba. Entacmaea hukua. Huyu hubaki wa sentimita mbili tatu na kuongezeka kwa idadi. Kama umeshindwa kumpambanua kwa macho, mtenge na umpe muda.

Wawili wanahitaji tahadhari ya kweli. Actinodendron ana minyiri yenye matawi, kiasi kwamba hudhaniwa ni tumbawe laini, na kuchoma kwake ni kwa maumivu makali yanayodumu. Phyllodiscus semoni ana vijitawi kwenye shina vinavyojifanya mwani, hujitanua usiku, na kuchomwa naye kumesababisha figo za mtu kushindwa kufanya kazi. Kama mnyama wa mchangani ana matawi badala ya minyiri ya kawaida, usimshike kwa mkono mtupu.

Rangi ya minyiri ina kazi moja tu ya kuaminika katika utambuzi: kuonya. Anemoni wa mwanga huhifadhi ndani ya mwili wao mwani wa hadubini unaowapa chakula, na mwani huo ndio unaowapa ile rangi ya kahawia. Crispa mweupe pe anayeuzwa kama mnyama adimu amepoteza mwani huo, kwa joto, kwa giza la safari au kwa maji machafu, kama yalivyopoteza matumbawe ya pwani yetu mwaka 1998. Wengine hutiwa rangi, na ndipo huonekana manjano ya limau au waridi lisilo la kawaida. Rangi hiyo hutoka baada ya wiki chache. Mwenye kujua kwamba mnyama ni crispa anajua pia kwamba crispa mzima ana rangi ya udongo, na kwamba weupe huo ni njaa.

Vinasaba vimeanza kubadilisha majina mengi ya hapo juu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba uhusiano kati ya anemoni na samaki hao ulianza angalau mara tatu tofauti katika historia ya kundi hili, na kwamba baadhi ya waliowekwa katika Heteractis si ndugu wa karibu. Entacmaea quadricolor nayo huenda si spishi moja. Sioni kama mfugaji ana sababu ya kuhangaika na hili. Jina likigeuka, shina la kijivu lenye vinundu vinavyonata linabaki vile vile, na mahitaji ya mnyama hayajabadilika: chumvi gramu 35 kwa kilo ya maji, joto la nyuzi 25 hadi 27, mwanga wa kutosha, na tangi lililokaa miezi mingi kabla hajaingizwa.

Umri wa wanyama hawa unapaswa kuingia katika hesabu. Mwaka 1828 John Graham Dalyell alimchukua anemoni mwekundu wa kawaida wa Uskoti, Actinia equina, pwani ya North Berwick, akamweka ndani ya chombo cha kioo. Mnyama huyo alimzidi umri mfugaji wake, akapita kwa wafugaji wengine kadhaa huko Edinburgh, akazaa watoto mamia, akafa mwaka 1887. Hakuwa na taa wala pampu, alibadilishiwa maji ya bahari tu. Alikuwa mnyama wa vidimbwi vya bahari yenye baridi, mgumu, aliyetambuliwa sawasawa na kutunzwa kama alivyo.

Kwa anayetaka kununua, ushauri wangu ni mfupi. Muuzaji aombwe picha tatu: uso mzima chini ya taa nyeupe badala ya ya buluu, ncha za minyiri kwa karibu, na shina kutoka ubavuni hadi kwenye mguu. Aulizwe mnyama ametoka nchi gani, na kama alizaliwa tangini au alitolewa baharini. Mdomo uwe umefumba, si umepwaya. Mguu usiwe na mchubuko. Mnyama akiguswa ajikunje. Akisema hana picha ya shina, basi hajamtambua yeye mwenyewe, na bei aliyoweka ni ya jina alilolisikia.